Safu ya Maoni

Dada Sechelela, nimerudisha vitano.
Cha sita kipo lindoni, nitaeleza.
Ila hii safu ya "Maoni ya Msomaji" katika daftari lako
ina upana wa kidole gumba,
na wenzangu wameandika "kizuri", "kizuri", "kizuri sana",
hata yule aliyeazima kamusi.
Mimi nalinda ghala la mahindi Kizota, zamu ya usiku.
Nina tochi, nina baridi ya Julai.
Niache niandike mpaka pembeni.

Hiki chekundu: hapana.
Mwandishi anasema alifika Dodoma.
Mvua yake inanyesha Agosti,
uani kwa mkwe kuna mnazi,
na hakuna hata mmoja anayefumba macho upepo ukipita.
Vumbi letu halikumwingia hata kwenye nukta.
Nilikisoma chote, kwa hasira,
kama mtu anayemaliza mlenda uliozidi magadi
kwa kuwa ameshanawa.

Cha upelelezi nilikipenda hadi ukurasa wa kumi na tisa.
Hapo akatokea mlinzi.
Dada, kwa nini mlinzi wa vitabuni analala?
Kila riwaya, mlinzi kalala, mdomo wazi,
mwizi anamruka kama gogo.
Hana jina. Hana mke. Akiamka, anauawa.
Nikakifunga, nikalizunguka ghala mara mbili
nikigonga kila kufuli kwa rungu
ili mwandishi, popote alipo, asikie.
(Kweli, saa tisa nilisinzia kidogo.
Lakini jina ninalo. Chilewa Ndahani Mbeleje. Liandike.)

Cha kutajirika kinasema matajiri huamka saa kumi alfajiri.
Saa kumi mimi niko macho tangu jana.

Kile kinene cha mapenzi, usimwambie mke wangu,
nilikipenda.
Najua. Maneno yamepakwa mafuta,
machozi yanamwagika kila baada ya kurasa nne,
na yule daktari hatoki jasho hata akikimbia.
Lakini kuna mahali bibi harusi anavua viatu,
anaviweka dirishani, soli juu, vipate hewa,
na hakuna anayesema kitu.
Kurasa mia nne nilizibeba kwa ajili ya viatu hivyo.
Ningezibeba tena.

Cha mashairi niliandika "hakieleweki", nikafuta. Utaona alama.
Maana usiku wa tatu, treni ya mizigo ikipita saa nane,
mabati yakitetemeka,
ubeti mmoja ukanijia mdomoni, mzima, bila kuitwa,
kama mbuzi anayejua njia ya zizini.
Bado sijui una maana gani.
Nimeacha kuudai.

Sasa hicho cha sita.
Mlinipa hakina mwisho, mchwa wamekula.
Ndugu wawili wanagombea mpaka wa shamba,
miaka hawasalimiani, mama anazikwa kila mmoja na upande wake,
halafu mdogo mtu ananyoosha mkono, anasema,
na hapo pana tundu.
Nililaani. Nilikuja hadi mlangoni kwako kukurushia, pamefungwa, Jumapili.
Nikarudi, nikakimalizia mwenyewe.
Mara ya kwanza anasema "nisamehe", nikaona ni uongo.
Mara ya pili anatukana.
Mara ya tatu anauliza tu kama uwele umeota.

Mimi nina kaka, Masinga, yuko Kibaigwa.
Kwetu haikuwa shamba, ilikuwa ng'ombe wawili.
Juzi nilimpigia, saa kumi na moja, kabla sijabadilisha zamu.
Iliita mpaka ikakata.
Kwa hiyo hicho naomba nibaki nacho wiki moja,
na kama kuna faini, nitalipa.

Safu imeisha, sasa naandikia kwenye ya Mwajuma.
Atanisamehe, yeye hujaza neno moja.
Niwekee kingine chochote.
Kisiwe chekundu.